Ng'ombe wa Nyangi

Kaka yangu Heche aliwageuza ng'ombe wangu wakawa lori. Nasema wangu, ingawa kwetu mwanamke hana ng'ombe na wazee wakinisikia watakohoa. Waache wakohoe. Ng'ombe wale walitoka kwa Marwa wa Kerende, wakaswagwa mpaka kwetu Nyamisangura kwa sababu yangu mimi, na mimi nikapelekwa Kerende kwa sababu yao. Kama si wangu, ni wa nani?

Kwetu Wakurya kaka anaoa kwa ng'ombe wa dada yake. Kwa mama yetu tulibaki wawili tu, Heche na mimi Nyangi, kwa hiyo tangu nikiwa mtoto wa kuchota maji watu walimtania Heche kwamba mke wake yuko mgongoni mwangu. Baba alikuwa amekwisha kufa. Mwaka wa hamsini na moja nikaolewa, ng'ombe wakaingia zizini, na mama akaanza kuulizia wasichana. Alikuwa na mmoja ambaye moyo wake ulimpenda, binti wa jirani, mkimya, mchapakazi.

Heche hakutaka msichana. Alikuwa ametoka jeshini, alikokuwa akiendesha magari ya Waingereza kwenye vita vya Bama, ng'ambo ya bahari, na kitu alichokipenda huko hakikuwa na miguu. Akawaswaga ng'ombe mpaka ng'ambo, Kenya, akawauza mnadani, akakaa huko wee, mama akadhani amekufa. Kisha siku moja tukasikia honi inalia kutoka upande wa Sirari. Ni yeye, ameketi nyuma ya usukani wa lori kuukuu la rangi ya majani makavu, anacheka peke yake. Mama aliketi chini akashika tama. Baba mdogo Waitara, mdogo wake marehemu baba, alirusha fimbo yake ikagonga boneti, akasema, "Mura, kijana wewe, hili utalikamua wapi?"

Siku hiyo nilikuwa nimekuja kumsalimia mama. Heche akanivuta jikoni.

"Nyangi, sikiliza. Lori hili litazaa. Misimu miwili tu, nitakuwa nimerudisha ng'ombe wote na wengine juu. Wewe usiwe na wasiwasi. Huko kwa Marwa ukishindwa, usikae. Njoo. Nitawatoa siku hiyo hiyo."

Nikamwamini. Nilikuwa msichana bado, na yeye alikuwa mtu aliyevuka bahari.

Lazima nieleze hapa, maana siku hizi kuna watu hawajui. Mwanamke akitaka kumwacha mumewe, ng'ombe wanarudi kwa mume. Wasiporudi wao, anarudi yeye. Baba yako atakuhurumia, mama yako atakukanda kwa maji ya moto, lakini mwisho wa maneno ni huo: ng'ombe, au wewe. Na ng'ombe wangu walikuwa barabarani wanapakia magunia.

Marwa alikuwa mchimbaji huko Nyamongo. Alikuwa anachimba dhahabu ya wenyewe, na jioni anakunywa. Mwaka wa kwanza alinipiga kwa sababu sikupata mimba. Mwaka wa pili sababu ikawa hiyo hiyo. Baadaye hakuhitaji sababu, akawa ananipiga kama mtu anayefunga mlango kabla ya kulala. Mkono wangu wa kushoto hauendi juu ya bega mpaka leo, na kama mnataka kujua kwa nini nabeba kuni upande mmoja, ndiyo hiyo.

Kila nilipokimbilia kwa mama, mambo yalikwenda vile vile. Wazee wanakaa. Marwa anakuja na ndugu zake, wameleta mbuzi, wanazungumza kwa upole. Mzee mmoja anauliza, "Ng'ombe wako wapi?" Heche anajibu, "Wako safarini, wanakaribia kurudi." Watu wanacheka. Kisha napakiwa kwenye lori, narudishwa Kerende na ng'ombe wangu mwenyewe. Watoto wa njiani walikwisha kulipachika lori jina. Wakiliona linatimua vumbi walipiga kelele, "Ng'ombe wa Nyangi hao! Ng'ombe wa Nyangi wanapita!" Wakubwa nao wakashika jina hilo hilo, Tarime mpaka Ikoma. Mtu anakuambia bila hata kutabasamu, mwenzangu mimi nilikuja na Ng'ombe wa Nyangi.

Mwaka wa tatu lori likaanza kuugua.

Lilikuwa na kiu isiyo na mwisho. Kila kijito Heche anasimama, anashuka na debe. Moshi ukawa mweupe. Siku moja narudishwa Kerende kama kawaida, jicho moja limevimba, tukapita kwanza kwa fundi Okello pale Tarime. Okello alikuwa Mjaluo wa upande wa Shirati, mtu mrefu, mpole, ana kibanda cha mabati na spana zake zimetundikwa ukutani. Nikakaa juu ya tairi nikawasikiliza, sina kazi nyingine.

Okello akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama, akamwonyesha Heche. "Omera, ndugu yangu, hii si oili. Hii ni chai ya maziwa."

"Inatengenezeka?"

"Inatengenezeka. Injini ina tumbo na ina kichwa, na katikati kuna gasketi, kitu chembamba kama chapati. Ndiyo inayotenga maji na moto. Imeungua hapa pembeni, sasa maji yanapita yasikotakiwa. Tufungue kichwa, tukisawazishe, tuagize gasketi mpya kutoka Kisumu."

"Lori likae chini muda gani?"

"Mpaka gasketi ifike. Mwezi. Labda zaidi kidogo."

Heche akacheka kile kicheko chake cha kumtoa mtu maanani. "Mwezi mzima? Wewe Okello, utanichinjia ng'ombe anayekamuliwa?"

Hapo ndipo ninapomkasirikia kaka yangu mpaka leo. Kichwani alikuwa dereva, lakini moyoni alikuwa Mkurya wa zizini, na kwa mtu wa zizini ng'ombe anayetoa maziwa haguswi na kisu hata akichechemea. Unampa dawa, unamkamua, unampa dawa, unamkamua. Lori lilikuwa linatoa maziwa. Basi akalitia dawa.

Ya kwanza ilikuwa unga wa wimbi. Alimwaga vikombe vya unga ndani ya rejeta, akasema utapikika humo ndani uwe ugali, uzibe tundu. Madereva wengi walikuwa wakifanya hivyo rejeta ikitoboka, na kwa tundu la rejeta husaidia kidogo, lakini Okello alimwambia tundu la Heche haliko kwenye rejeta. Hakusikia. Unga ulipochoka akatia mayai. Baada ya mayai ikaja dawa ya unga mweusi ya kwenye kopo, ya dukani kwa Mhindi. Na kila dawa ilifanya kazi! Ndilo lililomponza. Kila dawa ilimpa siku kadhaa za kupiga mluzi.

Mwisho Okello mwenyewe akachoka kubishana. Akamletea chupa ya dawa nzito kama asali, ile ambayo wake wa Wazungu walikuwa wakihifadhia mayai yasioze. Siku hiyo pia nilikuwepo, maana siku hiyo pia nilikuwa narudishwa. Nilikuwa na kitambaa kichwani, na chini ya kitambaa kidonda.

"Hii ikikutana na moto inaganda kama kioo," Okello alisema. "Tia maji safi, tia dawa, washa taratibu ipate joto, kisha zima uiache ilale mpaka kesho. Ikishika, itakufikisha nyumbani. Lakini nisikilize, omera. Ni dawa ya kumfikisha mtu nyumbani. Si ya kuishi nayo."

"Nyumbani kwangu ni barabarani," Heche akasema, akamkonyeza.

Okello hakucheka. Alinitazama mimi pale juu ya tairi, akatazama kitambaa changu, akaenda kunawa mikono. Nadhani alitaka kusema kitu. Lakini mgeni anayetengeneza magari hawezi kuingilia ng'ombe wa watu.

Dawa ile ikashika. Lori likapanda kila kilima kama jipya, Heche akaimba njia nzima, akanishusha Kerende kwenye geti la miti la Marwa, akasema, "Vumilia mdogo wangu. Bado mavuno ya mwaka huu tu. Wimbi likishaisha kusombwa, ng'ombe wapo." Mwaka uliotangulia alikuwa amesema hivyo hivyo. Nilikuwa nimechoka hata kumjibu. Kuna uchovu wa jembe, huo ukilala unaondoka. Huu wangu nilikuwa naamka nao.

Mavuno yakafika, wimbi likawa jingi mwaka ule. Siku moja Marwa aliamka akatafuta mkanda wake, hakuuona, akaniuliza mimi, na nikaona kabla hajamaliza kuuliza kwamba nikijibu au nisipojibu ni sawa tu. Alipomaliza akaenda mgodini. Mimi nikachukua shuka, nikafunga vitu vyangu: kanga mbili, kibuyu cha mama, sufuria yangu ndogo. Nikafunga fundo gumu, nikaenda kukaa barabarani. Sikulia. Nilijua Heche anapita siku hiyo.

Akaja, lori limejaa magunia ya wimbi mpaka juu ya turubai. Akaona uso wangu, akazima injini.

"Kaka," nikamwambia, "leo sirudishwi tena. Ukinirudisha, watanileta kwenu kwenye jeneza."

Akashika usukani kwa mikono miwili ingawa lori limesimama. Halafu akasema, "Panda. Mzigo huu ndio wa mwisho, wallahi nakuambia, nimekwisha kusema na mtu wa ng'ombe. Nikiufikisha Tarime, kesho naswaga ng'ombe naleta kwa Marwa. Panda, Nyangi."

Na safari hii alikuwa anasema kweli. Nilikuja kuhakikisha baadaye: mtu wa ng'ombe alikuwepo, na ng'ombe walikuwepo, wametengwa kando wanangoja. Yaani tulibakiza mlima wa kwenda kwetu tu.

Tulianza kupanda jua limekaa utosini. Lori lilikuwa limebeba kupita kiasi. Nilikuwa nimepakata furushi langu, nasikia injini inavyohema, na ile sindano ya joto imekwenda mpaka mwisho ikakaa huko. Heche aliiona. Akasema, "Itashuka." Haikushuka. Baadaye Okello alinieleza: dawa zote zile, unga, mayai, unga mweusi, kioo, zilikuwa zimekwenda kuganda kwenye vijibomba vya rejeta, maji hayana pa kupita. Karibu na kilele mvuke ukafoka kutoka chini ya boneti, tukasimama.

"Tungoje ipoe," nikasema. Hata mimi nilikwisha kujua, kwa kukaa sana juu ya tairi la Okello.

"Tutangoja mpaka lini? Marwa akitoka mgodini akakukosa?"

Alikuwa anaogopa kwa ajili yangu. Hilo siwezi kumnyima. Akateremka mbio mpaka kijitoni, akarudi na debe la maji baridi, akachanganya humo chupa nzima ya dawa iliyobaki, akafungua mfuniko kwa koti lake la jeshi, akamwaga.

Tulisikia mlio mmoja. Si mkubwa. Kama chungu kinapopasuka jikoni, unajua hata kabla hujageuka. Kisha maji yakaanza kutoka ubavuni mwa injini, polepole, yanateremka barabarani kurudi tulikotoka. Heche alisimama na debe tupu mkononi. Mimi nilishuka, nikajitwika furushi langu, nikapanda kilichobaki cha mlima kwa miguu mpaka kwa mama.

Marwa na watu wake hawakukawia. Wakakaa uani kwa baba mdogo Waitara, asubuhi, wao upande huu, sisi upande ule. Wimbi la watu limeshushwa na lori jingine, lile letu limebaki pale mlimani limepasuka tumbo. Mtu wa ng'ombe alikuwa amesikia, na amewauza kwa mwingine. Nilikaa nyuma ya mama nikasubiri lile swali.

"Ng'ombe wako wapi?" akauliza baba yake Marwa, mzee wa masikio marefu, mfugaji wa siku nyingi.

Waitara akasimama. Niseme ukweli, baba mdogo yule sikuwahi kumpenda, alikuwa mkali na mchoyo wa tumbaku. Lakini siku ile alinipigania.

"Lori hili," alisema, "miaka yote ninyi mmeliitaje? Ng'ombe wa Nyangi. Watoto wenu wameliita hivyo, na ninyi mmelipanda mkiliita hivyo. Haya. Ng'ombe wa Nyangi amekufa. Na kwetu, ng'ombe akifia mikononi mwa anayemchunga, tunafanyaje? Analeta ngozi. Mura, leta ngozi."

Heche akatoka nyuma ya nyumba. Alikuwa amebeba kichwani boneti la lori, ameling'oa kule mlimani akaja nalo kwa miguu. Akaliweka chini mbele ya mkwe wangu, likatoa kishindo. Watu wengine wakacheka, kisha wakanyamaza, maana mzee wa masikio marefu hakucheka. Alilitazama lile bati kwa makini, akalipapasa pale lilipobonyea kwa fimbo ya Waitara. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kupokea ngozi na kutoa ngozi.

"Ngozi nimeiona," akasema. "Sasa aseme amekufaje. Kama ni ugonjwa, sina neno. Ng'ombe wangu wamekufa, na mwanamke abaki kwao. Kama ni mchungaji ndiye aliyemuua, mchungaji atalipa, na mwanamke atangojea malipo kwa mumewe." Akalaza mkuki wake chini, ndicho kiapo chetu. "Aseme akiwa anauruka."

Ninyi mnaelewa? Neno moja tu. Aruke aseme, ugonjwa. Na wala si uongo mkubwa! Lori liliugua kweli, dunia nzima iliona moshi ule mweupe. Gasketi haikuunguzwa na Heche. Mtu aliyeidanganya injini kwa unga na mayai, akawadanganya wazee kila mwaka, akanidanganya mimi misimu yote, huyo ashindwe na neno moja? Nilishika kitenge cha mama kwa nguvu. Nilikwisha kujiona nalala kwetu.

Heche akamtazama Okello, aliyekuwa ameitwa naye amesimama pembeni, hakuna aliyemuuliza kitu. Akanitazama mimi. Akavua kofia. Akaruka mkuki.

"Nilimuua mimi," akasema. "Fundi aliniambia afunguliwe, nikakataa. Nikampa unga, nikampa mayai. Nikammwagia maji ya mto angali anachemka. Hakufa kwa ugonjwa."

Mama alipiga yowe moja. Mimi sikupiga. Niliinuka, nikachukua furushi langu, halikuwa limefunguliwa hata fundo moja, nikasimama upande wa Marwa kabla hawajaniambia.

Heche alinifuata njiani, anakimbia pembeni yangu. "Nyangi. Nyangi, ungenielewa. Kiapo cha uongo hakianzi na aliyeapa. Kinaanza na ndugu wa tumbo moja. Sina mwingine ila wewe. Ningesema ugonjwa, ungekufa wewe."

"Afadhali," nikamwambia.

Akasimama hapo. Nilisikia hatua zake zimekoma, na sikugeuka. Nilikuwa na hasira naye ambayo sijapata kuwa nayo hata kwa Marwa. Miaka yote mwongo, akachagua siku ile.

Lori lilibaki pale mlimani. Heche akaenda Nyakunguru kuchimba dhahabu kama hao kina Marwa, na alichopata alinunulia ng'ombe. Alikuwa akija Kerende akimswaga ndama mmoja, mwembamba, kamba shingoni. Anamkabidhi mzee, anakunywa maji niliyompa, anaondoka. Ng'ombe akifika, Marwa anakuwa mpole siku kadhaa. Ananiita kwa jina langu. Kisha anarudi kuwa Marwa.

"Unanitia dawa," nilimwambia Heche siku moja, nikimpa kata ya maji.

Aliipokea kata akanywa. Alikuwa amezeeka usoni, meno ya mbele yameng'okea mgodini. Yule binti wa jirani, ambaye mama alimtaka, alikuwa amekwisha kuolewa na mtu mwingine zamani. Nikamwangalia anavyokwenda, koti lile lile la jeshi, na hasira yangu nikaitafuta nisiione vizuri. Ilikuwa imechoka kama mimi.

Ng'ombe wa mwisho alikuja mwaka wa hamsini na tisa, mwanzo wa mvua za masika. Alikuwa mtamba mweusi, mzuri kuliko wote. Baba yake Marwa alimzunguka, akamshika nundu, akasema, "Zizi limejaa. Sina neno." Marwa alikuwa amekaa mlangoni na mke mdogo aliyemwoa baada yangu. Aliangalia kando.

Heche akaja mpaka mlangoni pa nyumba yangu. Alisimama na kamba tupu mkononi, hajui aiweke wapi.

"Haya," akasema. "Wamerudi."

Furushi lilikuwa pale pale juu ya dari ya kuni, shuka imekuwa nyeusi kwa moshi. Sikuwa nimelifungua tangu siku ile. Nilipikia sufuria ya mkopo miaka yote hiyo. Nikalishusha. Nikammwagia Heche maji anawe miguu, akala ugali, tukaondoka. Hakuna aliyetuaga.

Tulipanda ule mlima kwa miguu, polepole, maana yeye kifua kilikuwa kinambana kwa vumbi la mgodi na mimi bega langu mnalijua. Karibu na kilele tukalikuta. Watu walikuwa wamekula kila kitu: matairi walishona makubadhi, mabati wakaezekea mabanda ya kuku, vioo sijui. Ilibaki injini tu kwenye mifupa yake, na majani yameota katikati.

Heche akasimama. Akatoka barabarani, akaenda akaweka kiganja juu ya ile injini, akakiacha hapo, kama alivyokuwa akifanya siku zote kuangalia kama imepoa. Nikamwacha. Nilisimama na furushi langu kichwani mpaka nilipoona mabega yake yanatikisika. Ndipo nikamwendea, nikamshika mkono, nikautoa pale juu ya chuma.

"Imepoa, kaka," nikamwambia. "Twende, mama anatungoja."